Kome Niliokutumia

Xiapu, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Yaozu,

Mama anakula vizuri, na paa nimeliziba. Ila unasema unaacha kazi ya mkahawani huko Napoli, urudi kufuga kome kwenye tope la pwani alikofugia baba. Nakusihi, usirudi.

Yale majani tuliyopanda pwani ukiwa mdogo ili yazuie mawimbi, hata mimi nikapigiwa makofi kijijini kwa kupanda mengi kuliko wote, yamelimeza tope lote. Yakifa yanaozea palepale, yanajirutubisha yenyewe, yanaota tena. Ukichimba, tope ni jeusi na linanuka kama yai viza. Mtaalamu alikuja kulipima, akasema, "Dada, udongo wako umenona kweli!"

"Basi uule wewe huo udongo," nikamjibu, "maana kome wote wamekufa."

Jirani yetu Meizhu, ambaye kome wake nao wamekufa, alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

Ubao wa baba wa kutelezea topeni nimeupasua kuni.

Utauliza kuhusu kome wakavu ninaokutumia kila Mwaka Mpya. Miaka sita sasa nawanunua sokoni. Uliandika kwamba wana ladha ya nyumbani, nikashindwa kukwambia.

Dada yako, aliyepanda kwa mikono yake,
Suqin