Mtoto Nambari Arobaini na Moja

Lusaka, 11 Aprili 1996

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikipiga makofi japo hunioni. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila maziwa ya mgando ya huku hayana ladha.

Ripoti yetu ya dawa mpya ya malaria ya watoto imerudi. Nilikueleza kwamba jarida halichapishi kitu mpaka wataalamu wawili wakisome, majina yao yamefichwa. Wa kwanza kasifu tu. Wa pili kaandika kurasa saba. Daktari Kapembwa, mkuu wangu, alizirusha mezani: "Huyu mtu hana kazi!"

Ila swali lake moja limeninyima raha. Anasema: "Mtoto nambari 41 alipimwa mara nne katika siku ishirini na nane. Kila mara kilo tisa na gramu mia nne. Mtoto mgonjwa hupungua, aliyepona huongezeka. Huyu hafanyi lolote. Ni nani huyu?" Anauliza hivyo hivyo juu ya 58 na 63.

Wote ni wa kliniki ya Chilundika, kwa Bwana Simoonga anayetupimia watoto. Wewe uliyefanya kazi hospitalini miaka thelathini watakusikiliza. Nenda ukawatazame. Labda mizani iliharibika tu.

Binti yako,
Mutinta

*

Nyumbani, 2 Mei 1996

Mwanangu Mutinta,

Natumaini u salama. Goti linanifikisha ninakotaka, polepole. Mama yako anasema unywe chibwantu, kinywaji chetu cha mahindi, uache soda.

Mizani haijaharibika. Nilijipima mwenyewe.

Nambari 41 anaitwa Choolwe. Nilimkuta mama yake akipukuchua mahindi, nikasema nimekuja kumjulia hali mtoto. Akanitazama sana. "Hata wewe?" Kisha akanipeleka nyuma ya zizi. Ni kaburi, mwanangu. Limeshaota nyasi. Mtoto alikufa siku ya tisa tangu aanze dawa, macho yamekuwa manjano kama kiini cha yai.

Nikauliza, kliniki hawakujua? Akasema Simoonga alikuwa akipita kila Alhamisi na baiskeli. Hashuki. Anaita kutoka barabarani, "Choolwe hajambo?" Mara ya kwanza baada ya mazishi mdomo ulikataa kusema amekufa. Akajibu, "Amelala." Simoonga akaandika, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata akaja tena, swali lile lile.

"Mzee," aliniambia, "mtu wa serikali, ana karatasi mkononi, ananiuliza habari za mwanangu. Nikaanza kufikiri, labda yeye anamwona. Nikawa napika uji wake kila Alhamisi. Mara mbili nilikuta bakuli tupu."

Niliangalia kama pale pana mbwa. Hapana.

58 na 63 nao wamezikwa. Macho manjano, wote. Simoonga hakukana. "Mzee, Lusaka walisema kila mtoto lazima afike siku ya ishirini na nane. Basi nikawafikisha."

Huyo msomaji wenu, yuko mbali huko, amewaona watoto ambao sisi wa hapa hatukuwaona.

Baba yako

*

Lusaka, 22 Mei 1996

Baba,

Pokea salamu zangu, na mama pia. Sijalala vizuri.

Nilimwonyesha Daktari Kapembwa barua yako. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Mutinta, malaria inaua. Watatu kati ya themanini na sita, nani ataapa kwamba ni dawa?" Sasa anataka ripoti iende kwingine, kwenye toleo la nyongeza linalotolewa na watengenezaji wa dawa wenyewe. Huko hawana wasomaji wa kuuliza maswali. Wanapokea tu, wanachapa.

Inahitaji sahihi yangu. Nitakwambia Jumatatu nimeamua nini.

Binti yako,
Mutinta

*

Nyumbani, 9 Julai 1996

Mwanangu,

Hujambo huko? Jumatatu saba zimepita. Mama yako anauliza kama unaumwa. Namwambia una kazi nyingi.

Baba yako

*

Nyumbani, 26 Septemba 1996

Mutinta,

Sisi tuko wazima.

Dawa imefika Chilundika, maboksi arobaini. Ndani ya kila boksi mna karatasi, na nimeisoma kwa miwani ya mama yako. Inasema watoto themanini na sita walifuatiliwa siku ishirini na nane, na hakuna aliyefariki. Chini pana majina mawili. La pili ni lako.

Simoonga anagawa tangu Jumatatu.

Mama Choolwe naye alikuja kuyaona maboksi. Hajui kusoma. Akaniuliza kama mwanawe yumo kwenye karatasi hiyo. Nikasema yumo.

Akauliza, "Anaendeleaje?"

Nikamwambia nitakuuliza. Nijibu wewe.

Baba yako

*

Lusaka, 4 Oktoba 1996

Baba,

Nakuamkia, nimepiga magoti.

Nilisaini tarehe tatu Juni. Kapembwa alizungumza juu ya masomo yangu ya ng'ambo, kwa upole, huku kalamu iko mezani. Sina la kujitetea.

Jana nilimwandikia mhariri wa jarida la kwanza, yule mwenye msomaji wa kurasa saba. Nimeeleza yote, na nimetaja majina ya watoto, si nambari. Nakala niliipeleka wizarani kwa mkono wangu. Karani aliigonga muhuri akaiweka chini ya rundo. Leo asubuhi nimekuta ofisi yangu imebadilishwa kufuli.

Barua yangu itasomwa, itakaguliwa, ndipo ichapishwe. Itachukua miezi. Baba, zuia watoto wasinyweshwe dawa hiyo. Ikibidi simama mlangoni pa kliniki.

Binti yako,
Mutinta

*

Chilundika, 15 Februari 1997

Mwanangu Mutinta,

Natumaini una afya. Nakuandikia nikiwa hapa kliniki, nimekalia boksi.

Barua yako ilipochapishwa, wizara wakaamka. Wamekuja leo kukusanya chupa za dawa. Nimesimama mlangoni hapa tangu Oktoba kama ulivyoniomba. Wengine walinisikia wakarudi nyumbani. Wengine walicheka: "Mzee, karatasi si imeandikwa na bintiyo?" Wakapita.

Watu wa wizara walitangaza kwamba mwenye mtoto aliyedhurika aje aandikishwe. Nilidhani watakuja watatu. Mama Choolwe alikuwa wa kwanza. Nyuma yake wakaanza kutokea wanawake nisiowajua, wa vijiji nisivyowahi kufika. Hakuna anayelia. Hakuna hata anayeongea na mwenzake. Kila mmoja akifika mezani anataja jina, anasema "manjano", anampisha mwingine. Simoonga ndiye anayeandika.

Daftari liliisha saa tano. Sasa tunaandika nyuma ya zile karatasi zilizokuja ndani ya maboksi.

Ukipata barua hii panda basi la kwanza, uje na madaftari. Mstari umefika barabarani, na bado wanakuja.

Baba yako