Sisi Tuliohesabiwa Isansa

Jumatano. Upepo na vumbi tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa nne.

Ofisi ya halmashauri imejibu barua yetu ya kuomba zahanati. Mtaa wetu hapa Tunduma hautapata zahanati kwa sasa, kwa sababu kwenye takwimu za sensa wakazi wake ni wachache.

Wachache, mtaa ambao ndoo zinapanga foleni bombani kabla hakujakucha!

Mimi ndiye katibu wa kamati ya mtaa. Barua ile niliiandika mwenyewe, nikaeleza jinsi mama mwenye nyumba wangu alivyofika hapa akakuta mashamba ya mahindi na vibanda vichache vya chai. Malori yakaongezeka, wapangaji wakafuata malori, mashamba yakageuka vyumba. Nilidhani historia itawagusa. Wao wameangalia namba.

Mchana kutwa nimewalaani makarani wa sensa. Jioni nikakumbuka, na afadhali nisingekumbuka.

Wiki ile ya sensa baba alipiga simu kutoka kijijini Isansa: watoto wote twende tukalale nyumbani, tuhesabiwe kwetu, kijiji kisionekane kimekufa. Tukaenda. Wenzetu wa kijiji cha Ruanda wakaenda Ruanda, wa Chitete wakaenda Chitete. Karani alipopita mtaani alikuta makufuli, na waliorudi walimwambia, tena kwa ukweli kabisa, kwamba wameshahesabiwa.

Ndivyo tulivyo. Mtu ataishi Tunduma mpaka wanawe wamalize shule, lakini ukimuuliza kwao atakutajia mahali atakapozikwa.

Tumejipalia makaa wenyewe.

Kinachoniuma ni Tusekile, wifi yangu ninayeishi naye. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya bajaji, katikati ya foleni ya malori, wakielekea hospitali. Hakulia. Sasa Tusekile ana mimba ya miezi saba. Jioni ameniuliza ofisi imejibu nini, nikamwambia bado wanalishughulikia.

Nimemdanganya. Na wiki ile ya sensa hakutaka kusafiri; mimi ndiye niliyembembeleza mpaka akakubali.

Nimempigia baba nikamweleza yote. Amenisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo mmepanga tu. Kwenu ni huku. Sensa ijayo mje tena."

Sijawahi kumkatalia baba. Leo nimemwambia sitakuja. Akaniuliza kama nimekula.

Nimelia baada ya kukata simu, sijui kwa hasira au kwa aibu.

Kesho nitamwambia Tusekile ukweli. Kisha nitapita mlango kwa mlango na daftari, niandike kila anayelala mtaa huu, nianze na yeye. Huenda ofisi isilitambue daftari langu. Nitalipeleka hivyo hivyo. Sensa nyingine iko mbali, na Tusekile amebakiza miezi miwili.