Utani Mbele ya Wageni

Chemchem, Tabora
3 Juni 2024

Mtani Idrisa,

Salaam. Mimi mzima. Mama yuko Goweko na kifua chake kilekile, anakusalimia. Watoto hawajambo?

Sasa nisikilize. Mimi sikusoma kama wewe. Kiingereza nimekiokota redioni na kwa wageni, miaka kumi na minne, mpaka nikaweza kutembeza watu njia ya misafara kwa gari langu mwenyewe. Nilikualika, mwalimu mzima, uninoe kwenye maneno mapacha yanayonikwamisha. Ukanifundisha vizuri: "historical" ni cha zamani tu, "historic" ni kile kilichogeuza mambo. Asante.

Lakini nilipoyachanganya pale kwenye tembe, ile nyumba ya kale ya udongo ninayowaonyesha wageni, ndiyo ucheke mbele ya watu tisa? Useme kwa Kiingereza kwamba sisi Wanyamwezi tuliweza kubeba pembe za ndovu hadi pwani, ila maneno mawili yanatushinda? Kwa Kiswahili ningekujibu, tungecheka. Wao walisikia tusi. Kesho yake wamepanda gari wawili tu, na safari ya Agosti wanatafuta mwenyeji mwingine, anayeheshimiwa na wenzake.

Waandikie. Waeleze utani ni nini.

Mtani wako (bado),
Ngollo

Kisarawe
11 Juni 2024

Mtani Ngollo,

Mama mpe shikamoo yangu. Sisi wazima, mafua tu.

Tangu lini Mnyamwezi akanuna? Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani, babu zetu Wazaramo wakawacheka, wakachekwa wao, hakuna aliyedai barua. Na niwaandikie nini wale? Nikisema "joke", huo ni mzaha wa mtu yeyote. "Insult" ni tusi. Utani wetu hauna Kiingereza chake. Nimeanza mara tatu, nikafuta.

Cheka, utapona.

Mtani wako,
Idrisa

Chemchem
14 Juni 2024

Idrisa,

Hatujambo.

Kama utani hauna Kiingereza, wewe uliusemaje kwa Kiingereza?

Usiniandikie tena.

Ngollo

Goweko
2 Septemba 2024

Idrisa,

Leo siwezi kuandika hatujambo. Mama amefariki jana alfajiri. Tunazika keshokutwa, tunasubiri ndugu wa Mwanza.

Watani wa hapa wamekuja, lakini wakiniona nilivyo wanauacha utani. Hakuna hata aliyethubutu kuficha jembe la kuchimbia kaburi, kama ilivyo desturi ya watani. Mke wangu Shamila anasema mama angeuchukia msiba wa namna hii.

Alikupenda, ndiyo maana nakuarifu, tena kwa simu, barua isichelewe. Kuarifu si kuita. Tofauti hiyo unaijua.

Ngollo

Ndani ya treni
3 Septemba 2024

Mtani,

Pole. Pole sana, ndugu yangu.

Tofauti naijua, nimeipuuza. Tumeshapita Morogoro.

Wale wageni niliwaandikia Julai. Utani sikuueleza. Nilisema tu kwamba nilimkosea mwenyeji wangu mbele yao. Hawajajibu, na huenda wasijibu.

Nashukia Goweko. Mwambie shemeji aniwekee khanga ya mama na ile fimbo aliyokuwa akifukuzia kuku. Nitaingia msibani nikikohoa kama yeye, nikuulize mbele ya watu wote: "We Ngollo, mbeba mizigo wangu, mbona hujala?" Usiponijibu, narudi na treni hiyohiyo.

Majembe asiyafiche mtu. Hiyo kazi yangu.

Mtani wako,
Idrisa