Papa, Mahali Pale Sasa Panaitwa Kwa Ramazani

Papa yangu,

Jana mchana meli ilipinda mbele ya ukuta wako. Ilipinda katikati ya mvua, nahodha wake akiwa haoni kitu chochote majini, na watu wote waliokuwa ndani walishuka bandarini Kalundu kwa miguu yao wenyewe. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia. Ndiyo maana nimeketi na kalamu asubuhi hii, kabla sijakwenda kazini.

Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anakaanga maandazi pale mlangoni na bado anagombana na wanaotaka kuyachagua kwa vidole. Maji yamerudi nyuma kidogo. Sasa mtu anatoka kwetu Mulongwe mpaka barabarani bila kuvua viatu, ingawa nyumba ya jirani imebaki kuta tu, na vyura ndio wapangaji. Kaburi lako liko pakavu. Tulikuchagulia upande wa mlima, na kila mvua ikinyesha ninashukuru kwamba tulifanya hivyo.

Papa, sijakuandikia tangu arobaini yako. Kila nikianza nilikuwa ninarudi kwenye ile asubuhi ya mashua ya Makobola.

Ziwa lilikuwa limepanda, limekula barabara ya chini, limeingia bandarini. Ghala la zamani la pamba lilizama, mawimbi yakang'oa mabati, ukabaki ukuta wa mawe na vyuma vyake, chini kidogo tu ya uso wa maji, palepale vyombo vinapopinda kuingia gatini. Kila mtu alijua uko mahali fulani. Hakuna aliyejua hasa ni wapi. Mashua ya mbao ikaja imejaa watu na mihogo, ikaupanda, ikapasuka. Wewe uliingia majini na nguo zako zote, kwa pirogi, mtumbwi wa mtu ambaye hukumwomba ruhusa. Mlitoa watu wengi. Yule mwanamke na mtoto wake wa mgongoni mliwapata kesho yake, wameshakufa.

Ulirudi nyumbani ukakaa. Mama alikuwekea ugali, ukautazama mpaka ukapoa.

Kesho yake ulimwomba Mama mabidon yake ya njano ya kuchotea maji. Uliyafunga kwa kamba ya buluu, ukapiga kasia mpaka kwenye ukuta, ukazama, ukaifunga kamba kwenye chuma. Mabidon yakaelea pale, na kila nahodha akajua: hapa usipite. Wiki haikuisha, yakakatwa. Watu wa mtaani walikuwa hawana vyombo vya kuchotea maji. Mimi niliposikia nilikasirika sana. Wewe ulisema, "Mwenye alibeba bidon iko na shida ya maji. Tutaweka ingine." Ukaweka nyingine. Mawimbi yakaichukua, ukaweka nyingine tena. Wenzako bandarini wakakuita Kapiteni wa Mabidon, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Kapiteni Lubunga, rafiki yako wa ujana, uliyejifunza naye usukani. Hata ulipostaafu na yeye akabaki melini, uliendelea kwenda na pirogi na kamba yako.

Mimi wakati huo nilikuwa Bukavu, ninasoma elektroniki, kwa sababu wewe ulikataa kuwasikiliza baba zangu wadogo. Walikuja watatu kukuambia kwamba msichana wa kwetu akipanda juu ya antena hataolewa. Ninakumbuka uliwamiminia chai kwanza. Kisha ukawaambia, "Ziwa haiulizake kama uko mwanaume ao mwanamke. Mwavita atasoma." Wakamaliza chai, wakaondoka.

Na ile siku ulipokuja kuniona kazini, wiki zangu za kwanza bandarini... Papa, ile siku ninaishika kama yai. Ulivaa kofia yako nyeupe ya sala na koti la kazi la zamani. Nilikuonyesha ekra, kioo tunachofuatilia meli. Nikakueleza kwamba kila meli kubwa siku hizi inabeba chombo kinachotangaza kwa redio: mimi ni fulani, niko hapa, ninaelekea kule. Antena yetu kilimani inasikia, na meli inatokea kama pembetatu ndogo. Ulizitazama pembetatu muda mrefu. Ukauliza, "Na ukuta wangu iko wapi?" Nilicheka. Nikakuambia ukuta hauna redio, hauwezi kujitangaza. Ukasema, "Kama ukuta haina kinywa, weye uisemee."

Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Na kabla sijajua, moyo wako ulisimama. Ilikuwa Ijumaa, ukiwa umeshatia udhu.

Baadaye alikuja injenia kutufundisha mitambo. Siku moja akatuambia kwamba antena ya nchi kavu, mbali na kusikia meli, inaweza pia kuzipelekea alama. Unaipa antena mahali kamili pa hatari, nayo inatangaza kila mara: hapa pana alama. Kwenye ekra ya nahodha inatokea pembe nne iliyosimama kwa ncha, na jina lake pembeni. Lakini ukienda pale na macho yako, hukuti boya wala pipa wala bidon. Ni maji matupu. Hakuna wa kukata kamba, hakuna wimbi la kuibeba. Wenzangu waliuliza maswali mengi. Mimi sikuuliza kitu, Papa. Nilikuwa ninakusikia wewe.

Nikaomba alama ya kwanza iwe ya ukuta wa ghala, injenia akakubali. Tulikwenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, yeye na kipimo chake kinachosoma setilaiti, mimi na kamba yenye jiwe. Kamba ilipogonga mawe niliruka ndani. Nilitaka kusimama juu yake. Maji yalinifika kifuani. Nikatembea juu ya ukuta wako kutoka pembe moja mpaka nyingine, injenia akifuata na pirogi na kupima kila nilipoishia, na kwenye chuma cha mwisho mguu wangu ukagusa kamba. Nikaishika. Ilikuwa ya buluu, na fundo lilikuwa lako.

Nililia pale pale. Injenia, Mungu ambariki, aligeuka akatazama upande wa Burundi mpaka nikamaliza.

Tuliporudi aliniuliza alama tuipe jina gani. Nikasema jina lako, Ramazani. Akasema kwa upole kwamba haifai kutaja mtu, ni lazima liwe jina la mahali kama mabaharia wanavyopaita. Nikamwambia basi, twende tuwaulize. Tukashuka gatini. Wapakuzi, wavuvi, hata vijana ambao hawakukujua, wote walijibu neno moja: Kwa Ramazani. Papa, sikuwafundisha mimi. Injenia aliandika jina hilo mbele yangu, likatoka kwenye antena, na kila ekra inayokaribia Kalundu ikalisoma.

Si kwamba wote walifurahi. Kapiteni Lubunga alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Minye siendeshake meli na televizyo. Kitu macho haione, haiko." Na wavuvi wa Makobola waliniuliza jambo lililoniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli: na sisi wenye hatuna ekra? Kwa hiyo niling'ang'ania tuweke pia pipa la chuma, tulilolipaka nyekundu na nyeusi, tukalifunga kwa mnyororo. Mkubwa wetu wa kazi aliona ni kazi mara mbili. Nikamwambia watu wenyewe ni wa namna mbili. Akaacha tufanye.

Sasa nikusimulie jana.

Asubuhi dhoruba ilikata mnyororo, pipa likaenda zake. Mvua ikashuka kutoka milimani, mto ukamwaga matope, ziwa lote likawa rangi ya chai ya maziwa. Kutoka dirishani sikuona hata mwisho wa gati. Na kwenye ekra nikaona pembetatu moja inakuja kutoka kusini. Ilikuwa meli ya Kapiteni Lubunga, kutoka Kalemie, imejaa abiria. Alikuwa amesukumwa na upepo, na alikuwa anaelekea moja kwa moja kwenye ukuta.

Nilishika redio. Nikamwambia pipa limekatika, asilitafute, aifuate alama. Akanijibu, "Mwavita, naona alama yako ku ekra. Mu maji sioni kitu."

Nikamwambia, "Papa Lubunga, minye nilisimama pale na miguu yangu. Geuka."

Pembetatu iliendelea. Wenzangu walisimama nyuma yangu. Nikamwona yule mwanamke wa Makobola na mtoto wake, ingawa sikuwahi kumwona, maana siku ile nilikuwa Bukavu. Kisha ncha ya pembetatu ikasogea. Kidogo. Ikasogea tena. Ikaizunguka alama kwa mbali, kama mtu anayepita kando ya mkeka wa mtu anayesali, na sauti yake ikarudi kwenye redio, imechoka: "Napita Kwa Ramazani."

Nilishuka mbio kwenye mvua. Watu walikuwa wanateremka na mizigo, na watoto, na kuku, wanalalamika kwamba wamelowa. Hawakujua kitu, na mimi nilifurahi kwamba hawakujua. Kapiteni Lubunga alitoka wa mwisho. Hakunisifu, unamjua. Alivua kofia, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Angalikuwa papa yako, nisingebisha. Basi na weye sitabisha tena." Kisha akaniuliza umelazwa wapi hasa, maana tulipokuzika alikuwa safarini. Ijumaa ninampeleka.

Papa, ninajivuna. Uliniambia kujivuna ni kubaya, lakini jana nilijivunia mimi na nikajivunia wewe, na sikuweza kutenganisha.

Leo tunarudisha pipa, kwa mnyororo mnene zaidi. Baada ya hapo tutakwenda Makobola, kwenye miamba, wavuvi wenyewe watatuonyesha. Ninakuahidi jambo moja. Sitaweka alama mahali popote ambapo sijafika mwenyewe na kupima, hata mkubwa akiniharakisha. Na ziwa likirudi nyuma siku moja, ukuta wako ukatoka juani na watu wakabeba mawe yake wakajenge nyumba, nitaifuta alama kwa mkono wangu, kwa sababu alama ya uongo nayo inazamisha. Jina la mahali sitaweza kulifuta. Hilo liko kwenye vinywa vyao.

Pumzika, Kapiteni. Mungu akuangazie huko. Mvua imekatika, ninakwenda kazini.

Binti yako,
Mwavita