Mama wa Mlangoni Niliyemtafsiri Vingine

Kakuma, Jumatano, mwezi wa sita 2013

Ejok, kama tunavyosalimiana kwa Kiturkana, wewe unayesoma. Hujambo? Watu wa nyumbani wako salama, na afya yako inaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, Mungu anasaidia. Leo upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Lakini si vumbi linalonisumbua.

Nina aibu. Niandike hivyo kwanza, nisije nikazunguka.

Wiki iliyopita tulikuwa na tamasha la filamu la kimataifa la mwaka huu. Ndiyo, hapa hapa Kakuma. Zililetwa filamu za nchi za mbali, na nyingine zilipigwa kambini na wakimbizi wenyewe waliofundishwa kushika kamera. Zilionyeshwa mchana ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto ndani kama tanuri ya mkate. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia madebe.

Mimi niliitwa kutafsiri kwa kipaza sauti, kwa Kiturkana, ili kina mama wa mji na wafugaji waelewe. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini kanisani nimetafsiri mahubiri miaka mingi. Na nikwambie siri ya kazi hiyo, wewe na mimi tu: huwa narekebisha. Kuna mhubiri mgeni aliyewahi kuwakemea watu kwa kuchelewa ibada. Mimi nikasema, "Anawashukuru kwa kutembea mbali hivyo." Watu wakafurahi, na mhubiri naye akafurahi kuona wamefurahi. Nikaona hiyo ni karama.

Siku tatu kabla ya tamasha nilipewa karatasi za maneno ya filamu, kwa Kiswahili. Sikuzisoma. Mimi wa kusomea? Mimi ninayetafsiri mahubiri ya saa nzima mikono mitupu?

Kiburi hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Filamu ya nne ilikuwa ya Achol, mama wa Sudan Kusini anayeuza mandazi kambini. Dakika kumi tu. Anakanda unga huku akisimulia kwa lugha yake alivyofika Kakuma. Mimi namulika karatasi kwa tochi ya simu, nasoma Kiswahili, nasema Kiturkana, mambo yanaenda vizuri. Nikafungua ukurasa wa pili. Imeandikwa kwamba Jumapili yake ya kwanza hapa alibeba mtoto mgonjwa akaenda kanisa la mjini aombewe. Mama wa mlangoni akamzuia. Akamwambia: "Nyinyi wa kambi mnapewa kila kitu bure. Sasa mnataka hata viti vyetu?"

Nikairudisha tochi juu ya mstari, nikausoma tena.

Kwa sababu mama wa mlangoni ni mimi. Ukanda wa wakaribishaji wa kanisa hilo nimeuvaa mimi miaka hiyo yote. Maneno ni yangu. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, na uso wa yule mama pia, na pale pale yakarudi yote, hata rangi ya kitambaa alichombebea mtoto.

Watu wanangoja. Kwenye skrini midomo ya Achol inatembea. Nikafungua mdomo wangu, nikasema kwa Kiturkana: "Mama wa mlangoni akampokea mtoto, akawatafutia kiti."

Kina mama wakapiga vigelegele. Na nisifiche kitu, mimi nikasikia utamu kidogo.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba Achol amenunua kuni kwa wanawake wetu miaka yote hiyo. Kiturkana anakijua mpaka matusi yake.

Nilimkuta nje, amesimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Dada, pale mlangoni umesema vingine."

"Karatasi ilikuwa haionekani," nikamjibu. Uongo juu ya uongo.

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada yangu, na tochi uko nayo mkononi."

Kisha akaniambia jambo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Watu wa tamasha walimuuliza anataka nani amtafsirie, na ni yeye aliyetaja jina langu. "Nimekujua siku nyingi," akasema. "Nilitaka uyaseme tena, mara hii watu wakisikia. Halafu iishe."

Nikamuuliza yule mtoto yuko wapi. Akasema yuko darasa la tatu, mtundu, hasikii. Nilimshukuru Mungu kwa utundu wa mtoto yule, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Ijumaa filamu zile zile zilipelekwa mji wa Lodwar, na mimi nikaenda nazo. Achol alibaki na mandazi yake. Njiani nilisoma karatasi mara tatu, huku naomba. Na kweli, Lodwar nilisema kila neno kama lilivyoandikwa. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Nikajiona nimeshinda.

Filamu ilipoisha, mama mmoja mcheshi wa mstari wa mbele akanigeukia. "Huyo mama wa mlangoni! Huyo siku yake mbinguni atakuta kufuli, tena ya Mchina, haifunguki!" Wenzake wakavunjika mbavu. "Ama namna gani, mama mtafsiri?"

Nami nikacheka nao. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia mwenzake, nikasema, "Watu wengine!"

Watu wengine.

Ya Kakuma naweza kusema nilishtuka. Ya Lodwar nitaisemaje? Karatasi nilikuwa nimeisoma, sala nilikuwa nimesali, na bado nikajificha. Na Jumapili iliyofuata nikasimama mlangoni na ukanda wangu, nikisalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Leo nimekwenda kwa mchungaji wetu, nikamwomba dakika tano Jumapili hii, baada ya matangazo. Akaniuliza ni shukrani ama ni mchango. Nikamwambia ni toba. Akanitazama, akakubali kwa kichwa, akafunga daftari lake bila kuandika kitu. Kisha nikapita kambini nikamwambia Achol. Hakuacha kukanda. "Jumapili huwa nina wateja," akasema. "Nitaona."

Ana haki yake.

Ninachoogopa sasa si watu, ni ulimi wangu. Najijua. Nikisimama pale nitaanza kulainisha: nitasema tulikosana kidogo, nitasema zamani nilikuwa bado mchanga katika imani. Kwa hiyo nimeyaandika yale maneno kwenye karatasi, yale yale niliyomwambia, na chini yake nimeandika jina langu. Nitayasoma hivyo hivyo kwa Kiturkana, halafu kwa Kiswahili, halafu nikae. Kama Achol atakuwepo, vema. Kama hatakuwepo, nitasoma tu.

Wewe unayesoma, tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumapili kama unaweza. Hata mstari mmoja.