Mzigo Wangu ni Rehema

Ijumaa Kuu, Kwamndolwa. Jua limewaka tangu asubuhi, mvua tunayoisubiri imetukimbia, na mimi nimekasirika.

Nimemkasirikia mwinjilisti wetu. Nimeukasirikia msumari. Zaidi ya vyote nimeukasirikia mdomo wangu, ambao siku zote hauna breki, leo ukajifunga pale ulipotakiwa kufunguka.

Mwinjilisti ni kijana, ametoka chuo cha Biblia juzi tu. Akatangaza kwamba mwaka huu hatutasoma tu mateso ya Bwana, tutafanya "tafakari za ubunifu juu ya msalaba". Nikauliza ndiyo kitu gani hicho. Akasema kila mtu aandike kwenye karatasi mzigo unaomwelemea, aikunje, aipigilie msalabani kwa msumari. Hakuna atakayesoma. Baada ya ibada zinachomwa moto.

Haya.

Shida ni msalaba wenyewe. Wameutengeneza kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati mkonge ukizeeka. Ati ni mwepesi kubeba! Mimi nimekata mkonge Ngombezi miaka yangu yote ya nguvu. Mti ule ukikauka, ndani ni laini kama andazi, msumari haukai. Nilimwambia. "Bibi, usijali, tumejaribu." Mmejaribu na nini, pini?

Na kwani msalaba unatakiwa uwe mwepesi? Nisaidieni jamani.

Nikaandika. Niliishia darasa la nne, herufi ndogo zinanisumbua, kwa hiyo naandika zote kubwa. Nikaandika kilichokuwa moyoni: MZIGO WANGU NI REHEMA.

Rehema ni mke wa mwanangu. Mwanangu yuko Handeni kikazi, anakuja mara moja kwa mwezi, sisi wawili tumebaki kuangaliana humu ndani. Anachelewa kuamka. Anapika simu ikiwa begani. Nikisema neno ananijibu "sawa mama" kwa sauti ambayo si sawa hata kidogo. Wiki hii ameanza kukunja nguo zake, anataka kurudi kwao Kwedizinga. Nilimwona. Nikajifanya natafuta ufagio.

Basi nikapigilia. Nimerudi kukaa tu, karatasi yangu ikadondoka na msumari wake. Mwinjilisti akaiokota, ikamfungukia mkononi. Macho yakamtoka.

"Wapendwa, nimesema hatusomi, lakini hii Roho amenisukuma! Sikieni: Mzigo wangu ni rehema! Nani huyu?"

Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Si herufi za Bibi Eliza hizo!"

Kijana akahubiri mpaka jasho likamtoka. Rehema ya Bwana ni nzito, haibebwi kwa vidole viwili. Bibi huyu hana shule lakini ametupita wote. Kanisa zima amina, amina, vigelegele. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Rehema alikuwa benchi la mbele yangu. Hakugeuka.

Tulirudi nyumbani. Uani akainama kunivua viatu, maana goti langu halikunji. Ni yeye anayelikanda kwa maji ya moto tangu lianze kuvimba. Hilo sikuliandika kwenye karatasi, eti?

Akasema bila kuniangalia, "Mama, nilijua unanisema mimi. Na mimi niliitikia amina."

Nikamkimbia, nikaingia chumbani kwangu. Mimi!

Ningeweza kumwambia nilimaanisha ile rehema nyingine. Nimezeeka lakini si mwongo, tena asingeniamini.

Sasa mwinjilisti amenipigia simu, Jumapili ya Pasaka nisimame mbele niwaeleze watu tafakari yangu. Ameshawaambia mpaka wa Ngombezi waje. Huyu kijana ataniua kabla ya goti.

Nitasimama. Nitawaambia Rehema ni nani, na aliyeandika alikuwa bibi mwenye kiburi aliyetafuta kosa mpaka kwenye chumvi. Wachukue vigelegele vyao.

Lakini Jumapili ni mbali. Watu mia kanisani nawaweza. Huyu mmoja wa chumba cha pili ndiye ninayemwogopa. Nasikia anafunga zipu ya begi.

Kesho siingoji. Naweka simu chini, naenda kugonga mlango.