Fasi ya Kupumua

Jumapili, jioni

Bado nasikia zile karatasi zikigeuzwa, kanisa zima kwa pamoja.

Karatasi ya nyimbo za misa ya kumkumbuka papa, baba yangu, niliipanga mwenyewe. Pale shuleni mwalimu wa mpangilio wa maandishi aliisifu mbele ya darasa zima: pambizo pana, aina moja tu ya herufi, kingo mbili zimenyooka kama ukuta. Nilijivuna, nakubali.

Leo watu wameimba nayo. Ili kingo zinyooke, mistari nilikuwa nimeikata popote ilipojaa, kwa hiyo kila mtu akapumua mahali pake. Halafu wimbo ambao papa aliupenda. Ubeti wake wa mwisho niliugawa, nusu mbele, nusu nyuma ya karatasi. Wote wakanyamaza ili wageuze.

Ikabaki sauti ya tantine Véro, dada mkubwa wa papa, ambaye hajui kusoma. Aliendelea taratibu, nasi tukamfuata.

Nje nilimwomba msamaha. Akaishika karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

“Iko muzuri, mwana. Sasa unionyeshe, fasi ya kupumua iko wapi?”

Hakuwa akinicheka. Nilitafuta mahali hapo kwa kidole, sikupaona.

Nimeipanga upya sasa hivi. Kila mstari nauimba kwanza, ndipo naukata. Ukingo wa kulia umekuwa na meno-meno, na mwalimu hatapenda, nina wasiwasi na pointi zangu, maana bado hajazitoa.

Kesho nampelekea hivyo hivyo. Akiuliza sababu, nitamwimbia.